Re: Messiah – kwaya ina nota zake, okestra ina zake

Mkuu, umesema waimbaji wana vitabu vya zamani vya Messiah vya mchapishaji Novello, nota za ala mmepakua bure mtandaoni, na mazoezini kila mtu yuko kwake. Msilaumiane. Handel, mtunzi wake, hakuacha Messiah moja. Aliitunga mwaka 1741, ikaimbwa Dublin Aprili 1742, na baada ya hapo akawa anaibadilisha kulingana na waimbaji aliowapata. Wahariri nao wakaja kuchagua, kila mmoja kivyake.

Anza na nota za ala: tafuta jina la mhariri kwenye ukurasa wa kwanza, usiamini jina la faili. Ukikuta klarineti na tromboni, hizo si za Handel. Huenda ni za Mozart, aliyeipanga upya mwaka 1789, au za mhariri Ebenezer Prout, 1902. Za Mozart wekeni kando: kuna mahali kwaya imenyang'anywa sehemu yake wakapewa waimbaji wa solo, na tarumbeta zimeguswa pia. Za Prout zinapigika, ila kwa kwaya ndogo naona ni mzigo.

Kuhusu namba za nyimbo: Hallelujah ni namba 44 kwenye Novello, ila kwa mchapishaji mwingine, Bärenreiter, ni 39. Kwa hiyo kondakta asitaje namba, ataje maneno ya mwanzo. Herufi za mazoezi (A, B, C za kuonyesha pa kuanzia) futeni zote, andikeni namba za ba (vipimo vya muziki) kwa penseli, kila ba ya tano inatosha. Hallelujah ina ba 94. Nakala ikiishia namba nyingine, kuna aliyekosea kuhesabu au ukurasa umeruka.

Panapoumiza zaidi ni solo. "He shall feed his flock" ipo ya soprano peke yake, Do ikiwa B flati mwanzo hadi mwisho, na ipo ambayo alto anaanza Do ikiwa F kisha soprano anapokea kwenye B flati. "But who may abide" nayo: ya mwanzo ni ya besi, halafu mwaka 1750 Handel akamwandikia mwimbaji Guadagni, sauti ya alto, nyingine yenye sehemu ya kasi katikati. Mwimbaji akichukua hii na vayolini wakachukua ile, hakuna mazoezi yatakayoziunganisha. Amueni toleo la kila solo kabla ya kuchapisha karatasi hata moja.

Kama mna fedha za kununua seti moja tu, nunueni nota za ala za toleo la mhariri Watkins Shaw. Nalo ni la Novello, kwa hiyo Hallelujah inabaki namba 44 na vitabu vya kwaya havitupwi. Kagueni tu noti na maneno mkilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Bärenreiter ni nzuri zaidi kwa mtu anayetaka kuona Handel aliandika nini na mhariri ameongeza nini, lakini itawalazimu kununulia kwaya nzima vitabu vipya. Wapiga vayolini wawili husoma stendi moja, hivyo vayolini 6 za kwanza ni nakala 3. Msipokuwa na obo msihangaike: kwenye kwaya kazi yake kubwa ni kufuata sauti ya kwanza, na mswada wa Handel wenyewe hauna mistari ya obo.

Wale wa solfa: kitabu cha solfa mara nyingi hakionyeshi ala zinacheza ba ngapi peke yake kabla ya kwaya kuingia. Hesabuni kwenye skoa (nota za sauti na ala zote pamoja) ya kondakta, waandikiwe pembeni.

Mwisho tarumbeta, maana hapa ndipo watu huaibika siku yenyewe. Nota zikiandikwa "in D", mwenye tarumbeta ya B flati apandishe kila noti nusu toni 4: akiona C apige E. Zikiwa zimeandikwa kama zinavyosikika, apandishe toni moja tu. Ajue ni ipi kabla hajafungua kesi.