Darubini za ardhini hazioni miale ya gama yenyewe

Wengi husema miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kuliko hata eksirei, haiwezi kuchunguzwa kutoka ardhini kwa sababu anga huizuia. Ni kweli anga huizuia, lakini H.E.S.S., kundi la darubini kule Namibia, haisubiri mwale ufike chini. Mwale wa gama wenye nishati kubwa ukigonga hewa, kilomita nyingi juu yetu, huzaa mvua ya elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya). Chembe hizo hukimbia kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa (si kuliko mwanga katika ombwe, hapo ndipo wengi huchanganya), na hutoa mmweko wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov. Unadumu nanosekunde chache tu. Darubini hupiga picha ya mmweko huo.

Kwenye shule ya kiangazi niliyohudhuria tulishinda siku nzima tukizitazama picha hizo, na kwa kweli zinapendeza: mwale wa gama huacha umbo jembamba kama yai lililovutwa, ilhali protoni za miale ya kosmiki (chembe zenye kasi kubwa zitokazo anga za mbali) huacha picha iliyovurugika. Protoni ni nyingi zaidi kwa mbali, kwa hiyo kazi kubwa ni kuchuja.

Setilaiti kama Fermi bado inahitajika kwa nishati za chini. Kwa zile za juu sana miale ni adimu mno, na kigunduzi cha Fermi kina ukubwa wa takriban mita moja ya mraba tu, wakati mwanga wa Cherenkov hutandaa ardhini hadi mita 120 hivi kila upande, kwa hiyo darubini ya ardhini hunasa miale kutoka eneo kubwa zaidi.