Seva ya barua pepe ya wateja: tushike ipi?

SWALI: Habari kaka, mi ni fundi kwenye kampuni ndogo ya intaneti hapa Mwanza, wateja wetu ni mashule, mahoteli na maduka na kila mmoja tunampa imeili. Seva tuliyorithi inatumia Sendmail ya zamani, ile programu ya kupokea na kutuma barua pepe, na aliyeifunga alishaondoka. Mwenzangu anataka Exim, mi naona Postfix, bosi kaambiwa anunue Exchange ya Microsoft, zote ni programu za kazi hiyohiyo. Tushike ipi?
Fundi wa zamu, Mwanza

JIBU: Habari ya kazi ndugu fundi. Exchange iacheni, leseni yake mnalipia kwa kila mtumiaji na nyie wateja wenu wanaingia na kutoka, itawala faida yote. Zinabaki hizo mbili, zote bure na zote za siku nyingi, Exim ilianza Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995 na Postfix ikatoka 1998, kaiandika Wietse Venema akiwa IBM.

Mi nasema Postfix. Imegawanywa vipandevipande, kila kipande na kazi yake na ruhusa zake chache, mdudu (kasoro ya programu) akipatikana sehemu moja mdukuzi hapati seva nzima kirahisi, wakati Exim ni programu moja kubwa na mwaka 2021 yalitangazwa matundu ya usalama 21 kwa mpigo. Afu Postfix inakuja na amri ya sendmail ileile kwahiyo skripti zenu za zamani nyingi zitaendelea kufanya kazi. Kwa kusomea barua wekeni Dovecot, na mhifadhi kwa mtindo wa Maildir ili kila barua iwe na faili lake.

Ila ndugu yangu kitakachowaliza ni barua zinazotoka. Mhasibu wa hoteli anaibiwa pasiwedi, usiku kucha spamu zinamiminika kupitia kwenu, asubuhi IP yenu (namba ya seva yenu mtandaoni) ishaingia orodha nyeusi ya watuma spamu na barua za shule ambayo haina kosa lolote zinakataliwa huko nje. Postfix ukiisakinisha tu hivihivi haina kikomo cha barua ngapi mtu atume, na hata ukiweka kikomo chake inahesabu kwa IP sio kwa akaunti, kwahiyo ongezeni Rspamd, programu ya kuchuja spamu, ihesabu kwa jina la akaunti. Na hili msilichezee: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu), DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua) na jina la kinyume la hiyo IP (jina linalotoka ukiiuliza IP ni ya nani) viwe tayari kabla hamjahamisha mteja hata mmoja, tangu Februari 2024 Gmail wamekaza sana hapo.

Siku hilo la spamu likitokea, piga mailq, amri ya kuonyesha barua zilizo kwenye foleni, utaona jina moja limejaa foleni nzima. Funga akaunti kwanza ndo ufute, na ufute za huyo tu, kuna mafundi wanakimbilia postsuper -d ALL, amri inayofuta foleni yote, na humo ndani kuna ankara za wateja zilizokua zinasubiri seva ya upande wa pili iamke, Postfix ingeendelea kuzijaribu hadi siku 5 na zingefika.