Hershey na Firebirds tena: fainali ya Calder Cup 2024 itakwenda kwa bao moja moja

Mkuu, swali lako ni zuri na wengi wamekujibu kwa mstari mmoja tu, "Hershey bingwa", basi. Acha mimi nilijibu kwa kirefu. Umesema shemeji yako yuko huku Pennsylvania, kakuambia Ijumaa hii ya tarehe 14 Juni 2024 inaanza fainali ya hoki ya barafu kati ya Hershey Bears na Coachella Valley Firebirds. Unataka kujua ligi ndogo kama hii ina uzito gani, na nani atabeba kombe. Mimi naishi Harrisburg, uwanja wa Hershey ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa gari, na huu ni mwaka wa sita naifuatilia hii timu. Niliianza bila kujua chochote, kama wewe leo.

Nianze na huo uzito. Ligi inaitwa American Hockey League, kombe lake ndilo Calder Cup, ina timu 32, na kila moja imefungamana na timu moja ya ligi kuu, NHL. Hershey ni ya Washington Capitals, Firebirds ni ya Seattle Kraken. Hakuna timu kupanda daraja wala kushuka. Anayepanda ni mchezaji. Anapigiwa simu asubuhi, jioni yuko Washington anacheza mbele ya watu elfu kumi na nane. Karibu asilimia 90 ya wanaocheza NHL walipita kwenye hii ligi kwanza. Kwa hiyo unapoitazama fainali hii unatazama vijana ambao mwakani utawaona juu, pamoja na wakongwe walioshaonja huko juu wakarudi. Hao wakongwe ndio wanaonivuta zaidi mimi. Mtu ana miaka thelathini na ushee, anajua simu huenda isije tena, na bado anajirusha mbele ya shuti kuzuia kwa mbavu.

Hershey wenyewe ni mji mdogo uliojengwa na kiwanda cha chokoleti. Taa za barabarani zina umbo la pipi ya chokoleti, na siku nyingine harufu inakufikia ukiwa bado garini. Timu iko kwenye ligi hii tangu 1938, na hakuna nyingine iliyodumu humo muda mrefu hivyo. Makombe 12 kabla ya fainali hii. Watu wanarithishana viti, babu kwa mjukuu. Firebirds wako kinyume kabisa. Walizaliwa 2022, kusini mwa California, jangwani, mahali ambapo mwezi huu joto linapita nyuzi 40. Walipoanza, hata uwanja wao haujakwisha, wakala miezi ya kwanza wakizunguka ugenini mpaka Desemba 2022. Pamoja na hayo yote, misimu miwili ya uhai wao, fainali mbili. Tafadhali usije ukawadharau.

Sasa fainali ya mwaka jana, maana ni timu hizi hizi na ndiyo inayonifanya niandike. Mechi ni saba, anayetangulia kufikisha ushindi nne ndiye bingwa. Mechi ya kwanza Hershey wakalala 5-0. Ya pili 4-0. Mechi mbili, mabao tisa, hawajapata hata la kufutia machozi. Wakarudi nyumbani wakashinda 5-4 dakika za nyongeza, wakashinda 3-2, wakashinda 1-0 dakika za nyongeza. Mechi ya sita kule California wakapigwa 5-2. Mechi ya saba, kule kule, wakawa nyuma 2-0, wakasawazisha yote mawili, na Mike Vecchione akafunga la ushindi dakika ya 17 ya nyongeza. Ilikuwa tarehe 21 Juni 2023.

Jumlisha mabao uone. Firebirds 22, Hershey 14. Ingekuwa mtoano wa jumla ya mabao kama tuliouzoea kwenye mashindano ya CAF, Hershey wangekuwa wametolewa mapema sana. Lakini ushindi wao wote manne ulikuwa wa bao moja, na walipofungwa walifungwa sana. Hapo ndipo ilipo siri ya hii timu. Haifunguki. Mechi ikishakuwa ngumu na finyu, ya kubanana ukutani, ni mechi yao. Ikifunguka, ikawa ya kushambuliana kwenda na kurudi, ni ya Firebirds.

Ile ya 1-0 nilikuwepo. Jumamosi, uwanja umejaa, kama watu elfu kumi na nusu. Nilikaa safu za chini nyuma ya goli, ubaridi wa barafu unapanda miguuni ilhali nje ni kiangazi. Kwa wasioujua mchezo, bila bila ya dakika sitini inasikika kama adhabu. Mkuu, sijawahi kuona bila bila kama ile. Paki, ile sahani ndogo nyeusi ya mpira wanayoipiga, inagonga kioo mbele ya uso wako kwa kishindo mpaka unarudi nyuma bila kupenda. Jirani yangu, mzee aliyeniambia anakuja tangu uwanja ule wa zamani, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na hakusema neno kipindi chote cha tatu. Bao lilipoingia alinikumbatia, mimi ambaye hata jina langu hakulijua. Mpaka leo tukionana pale mlangoni tunaulizana habari za nyumbani.

Kilichobadilika mwaka huu ni hivi. Hershey wamekuwa bora zaidi. Katika mechi 72 za msimu wameshinda 53, pointi 111, na hakuna timu iliyoruhusu mabao machache kama wao ligi nzima. Kipa ni Hunter Shepard, yule yule aliyekuwa golini mwaka jana timu ilipofungwa tisa kwenye mechi mbili za mwanzo, kocha hakumtoa, na akamaliza akiwa mchezaji bora wa mtoano mzima. Msimu huu ameshinda mechi 27 na kupoteza 4 ndani ya muda wa kawaida, na katika kila mashuti 100 amezuia karibu 93. Kijana huyu hakuna timu ya NHL iliyomchagua kwenye uteuzi wa kila mwaka wa vijana wapya. Alipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi. Namheshimu sana.

Mbele yake yupo nahodha Dylan McIlrath, beki jitu la karibu mita mbili, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anasimama kwa raha karibu na kipa wake. Mbele kuna Hendrix Lapierre, ambaye msimu huu amekuwa akipanda na kushuka kati ya Washington na Hershey, na sasa yuko huku moja kwa moja. Mtazame sana huyu. Paki ikiwa kwake mchezo unapungua kasi mpaka yeye aamue. Na kuna Ivan Miroshnichenko, Mrusi, kijana mdogo aliyegundulika na saratani ya mfumo wa limfu (Hodgkin) mwaka 2022 kabla hajatimiza miaka 20, akatibiwa, akarudi barafuni. Kila akigusa paki nyumbani kwetu mama watoto anasimama.

Firebirds wamempoteza kipa wa mwaka jana, Joey Daccord, aliyepandishwa Seattle moja kwa moja. Aliyepo ni Chris Driedger, mzoefu, aliyeumia goti vibaya kwenye fainali ya ubingwa wa dunia 2022 akiichezea Kanada na kukaa nje muda mrefu. Si kipa wa kubeza. Mbele wana Kole Lind, mpishi wa mabao, Cameron Hughes, Andrew Poturalski, nahodha Max McCormick, na Shane Wright aliyechaguliwa wa nne katika uteuzi wa 2022 wakati wengi walimtarajia awe wa kwanza. Hiyo safu ya mbele inafunga. Pointi 103 msimu huu hazikuja kwa bahati. Kocha wao Dan Bylsma alishatwaa Stanley Cup, kombe la NHL, na timu ya Pittsburgh mwaka 2009, na mwisho wa mwezi uliopita Seattle wamemtangaza kuwa kocha wao mkuu. Kwa hiyo hii ndiyo kazi yake ya mwisho na vijana hawa, na nadhani watamchezea kufa na kupona. Msaidizi wake ni Jessica Campbell, mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa kudumu katika ligi hii. Binti yangu wa miaka tisa anamjua yeye kuliko mchezaji yeyote wa Firebirds, na wiki hii kapata mgogoro wa nafsi, amshangilie nani.

Kwa upande wetu kocha ni Todd Nelson. Kombe hili alishalitwaa akiwa mchezaji, akalitwaa akiwa msaidizi, akalitwaa akiwa kocha mkuu. Ndiyo maana mwaka jana baada ya ile 5-0 na 4-0 hakupangua timu.

Kinachonitia wasiwasi ni miguu. Hershey waliongoza 3-0 dhidi ya Cleveland kwenye nusu fainali, wakaachia mechi tatu mfululizo, ikabidi ichezwe ya saba. Imekwisha juzi tu. Firebirds waliwamaliza Milwaukee kwa mechi sita. Hoki si mpira wa miguu, mchezaji hakai uwanjani dakika tisini. Anaingia kwa sekunde arobaini na tano hivi, anakimbia mpaka pumzi inakata, anaruka ukuta kutoka na mwenzake anaruka kuingia, refa hasimamishi chochote. Ukichoka, ile zamu ya sekunde 45 inakuwa sekunde 60 kwa sababu umeshindwa kuirudisha paki mbele upate nafasi ya kutoka. Na hapo ndipo unafungwa, au unamkwatua mtu ukapelekwa kifungoni.

Kifungo chenyewe ndicho naomba ukitazame kuliko yote. Kosa la kawaida ni dakika mbili, timu inacheza pungufu, wanne kwa watano. Wakifungwa kabla ya muda kwisha, aliyefungiwa anaachiwa. Firebirds wakipewa nafasi hizo nne au tano kwa mechi, wataziadhibu. Mwaka huu Hershey wamekuwa wazuri mno kujilinda wakiwa pungufu, lakini kujilinda pungufu kunakula miguu, na miguu nimeshakwambia.

Kuna la ratiba pia, na wachambuzi wengi wanalipita haraka. Mechi mbili za kwanza Hershey, tatu zinazofuata California, mbili za mwisho zinarudi Hershey, kwa sababu Hershey wana pointi nyingi. Mwaka jana ilikuwa kinyume. Na mwaka jana mwenye uwanja alishinda kila mechi isipokuwa ile ya saba. Kati ya viwanja viwili ni zaidi ya kilomita 3,500 na tofauti ya saa tatu. Hershey wakigawana mbili za nyumbani, halafu wakaenda jangwani kucheza tatu mfululizo, wanaweza kurudi wakiwa nyuma 3-2 au wasirudi kabisa. Ndiyo maana kwangu mechi kubwa kuliko zote mwanzoni ni ya pili, Jumapili. Ikifika 2-0 kwa Hershey, nitalala.

Utabiri wangu ni Hershey, mechi saba, na ya saba itakuwa ya bao moja. Mpaka tunaingia fainali hii ya 2024, hakuna timu iliyotetea kombe hili tangu Hershey hao hao walipofanya hivyo 2009 na 2010. Sisemi hivi kwa sababu ni timu yangu. Nasema kwa sababu ya Shepard, na kwa sababu mwaka jana nimeona timu ikifungwa tisa bila na kurudi bila kubadili chochote.

Ushauri mmoja wa kutazama, maana mechi yangu ya kwanza nilitoka na kichwa kinauma. Usiihangaikie paki, hutaiona. Tazama mabega na fimbo za wachezaji. Mabega yakigeuka ghafla upande mmoja, paki iko huko. Baada ya kipindi cha kwanza macho yanazoea. Na ukiona bao limeingia ukalikosa, usione haya, huku nasi tunasubiri marudio kwenye runinga kubwa.

Kwa walio nyumbani, mechi ya kwanza ni saa moja jioni kwa huku, yaani Afrika Mashariki saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Inaonyeshwa AHLTV, huduma ya ligi ya kutazama mtandaoni, ni ya kulipia. Mkuu mwambie shemeji tiketi ya Ijumaa kama hajanunua awahi leo, na avae sweta hata kama nje kuna jua. Mimi nimebadilishana zamu ya usiku na mwenzangu wa ghala, nitakuwepo. Nikifika nyumbani nitaleta hapa nilichokiona.