Nilivyoituliza One Ten yangu: maji kwanza, sponji baadaye

Nilijua kelele ya gari yangu ni tatizo siku nilipompeleka mama mkwe Babati. Kutoka Arusha ni kama kilomita 170 na muda wote nilikuwa namweleza habari ya shamba, naye anaitikia kwa kichwa. Tulipofika akashuka, akajinyoosha mgongo, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, tangu Makuyuni nilikuwa naitikia tu. Sijasikia hata neno moja." Mimi nilishadhani tumekubaliana.

Gari yenyewe ni Land Rover Defender 110, tunayoiita One Ten, ya mwaka 1997, injini 300Tdi, dizeli, silinda 4, lita 2.5. Niliipata mnadani ikiwa imemaliza kazi za mradi huko porini. Wenye gari hizi wanajua hali: bodi ya alumini imefungwa kwa riveti na boliti, dari imechoka, na kapeti kama liliwahi kuwepo basi mchwa walishalimaliza. Ukiipiga ubavuni kwa kiganja inalia kama debe. Wenzetu wenye mkonga, zile Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, hutucheka sana, ila nao wakifika kilomita 100 kwa saa redio inapandishwa mpaka mwisho. Kwa hiyo haya ninayosema yanawahusu pia.

Nilianza vibaya. Nilikwenda dukani nikanunua yale maroli ya lami yenye karatasi ya fedha juu, ya kuzibia mapaa yanayovuja. Kwa macho hayatofautiani sana na yale ya magari, na bei inashawishi. Nikabandika dari nzima na sakafu. Wiki tatu nikatamba nayo mtaani. Kisha nikaenda Dodoma, nikaiegesha juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Niliporudi, dari ilikuwa inaning'inia kama nguo zilizoanikwa, matone meusi yako kwenye siti, na harufu ndani ni ya barabara inayotengenezwa. Kuitoa ile lami ya dari kulinila Jumamosi mbili, mafuta ya taa na kikwaruzo. Shati nililovaa sikulihangaikia tena.

Kinachotakiwa ni butili. Ni jamaa wa mpira unaotengenezewa tyubu za magurudumu, umepakwa mgongoni mwa karatasi nene ya alumini. Kuvitofautisha dukani si kazi: nusa, lami inanuka lami. Ng'oa kipande kidogo uvute, butili inavutika kama bigijii na lami inakatika. Kama muuzaji hataki ujaribu, jibu umeshapata.

Ila hata ningekuwa na butili siku ile, ningekuwa nimeipoteza bure. Aliyenifungua macho ni fundi bodi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha. Alichungulia ndani, akaona sakafu inavyong'aa kwa karatasi za fedha, akacheka: "Bosi, umemvalisha suti mgonjwa ambaye hajaoga." Akaniambia nitoe kila kitu. Siti, mikeka, vifuniko, vyote chini.

Chini ya mkeka wa dereva, pale unapoegemeza kisigino, chuma kilikuwa kimelika hadi kidole kinapita. Kwenye Defender paneli nyingi ni alumini, lakini ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma, na sehemu zake za chini, pale miguu inapokaa, ndizo zinazooza kwanza. Ningebandika butili juu yake, kutu ingeendelea kula kimyakimya na mimi nikiwa nimestarehe. Tena mahali alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, alumini hugeuka unga mweupe. Ukiuona huo unga pembezoni mwa milango, usiufute tu; ujue maji yanakaa hapo.

Maji yalikuwa yanatoka wapi? Tulisubiri jioni, mtoto wangu akakaa ndani na tochi, mimi nje na mpira wa maji, nikianza chini kupanda juu taratibu. Ukianza kumwaga juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Yalianza kuingia nilipofika kwenye vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Raba zake zilikuwa zimekauka kama magamba. Raba ni kitu kidogo sana, na ndiyo iliyoozesha gari yangu. Tukakata chuma kibovu, tukachomelea kipya, tukapiga praima na rangi, kisha nikaiacha wiki nzima ikauke milango ikiwa wazi. Watu wa nyumbani walidhani nimeikatia tamaa.

Baada ya maji nikafuata matundu. Gari za mradi zilikuwa na redio za mawasiliano, na zinapouzwa redio hung'olewa, matundu ya nyaya yakabaki. Yangu ilikuwa na matatu kwenye ukuta wa injini, moja unapitisha kidole gumba. Mpira wa gia ulikuwa umechanika pande mbili. Ukiinama pale unaiona barabara. Sauti hupita penye hewa kama maji yanavyopita, na tundu dogo lina uwezo wa kuharibu kazi ya ukuta mzima. Nikaweka raba za duara kwenye matundu, mpira mpya wa gia, silikoni kwenye nyufa.

Milango nilipima kwa noti ya elfu moja. Unaibana noti mlangoni, unafunga, unavuta. Ikitoka bila ubishi, raba pale haibani. Zunguka mlango mzima hivyo. Lakini kabla ya kununua raba mpya angalia bawaba na kitasa, maana mlango uliolegea utaimaliza raba mpya kwa miezi michache. Wangu wa nyuma ulitaka kusogezewa kitasa tu, milimita chache, na noti ikaanza kuchanika.

Kuna pia sauti ambazo ni za ugonjwa. Maunti za injini, zile raba zinazoibeba, zilikuwa zimelala, ekzosi ilikuwa inagusa chesisi gari ikipanda mlima. Hizo usizifunike, zitengeneze.

Nilikuwa napima kwa simu, ile programu ya desibeli. Simu si kipimo cha maabara, lakini ukitumia simu ileile, kipande kilekile cha barabara, mwendo uleule na vioo vimefungwa, inatosha kulinganisha. Mimi nilikuwa napima kwa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare baada ya Kisongo. Mwanzoni ilisoma 88. Baada ya matundu, raba na maunti, bila kipande kimoja cha butili, ikasoma 84. Usidharau hiyo nne, desibeli hazihesabiki kama kilo: zikishuka 10, sikio linasikia kama kelele imepungua kwa nusu. Na wataalamu wa afya kazini huchukua 85 kwa saa nane kuwa ndiyo mpaka. Mimi nilikuwa juu ya namba hiyo kila safari na kujiuliza kwa nini jioni masikio yanavuma.

Sasa ndipo nikanunua butili, ya unene wa milimita 2. Kosa la wengi ni kubandika kila inchi. Kazi yake ni kuzuia bati lisitetemeke, na bati hutetemeka zaidi katikati, siyo kwenye kona zilizofungwa boliti. Gonga kwa konzi. Panapolia "ting" pabandike, panapolia "duk" paache. Theluthi hadi nusu ya paneli inatosha. Uzito nao unahesabika, kila mita ya mraba ni zaidi kidogo ya kilo 3. Mimi nilitumia mita 6 za mraba, kama kilo 20. Ningefunika gari nzima ningekuwa natembea na abiria asiyelipa nauli.

Safisha bati kwa thina mpaka kitambaa kitoke cheupe, na vaa glavu, kwa sababu ukingo wa ile karatasi ya alumini unakata kama wembe. Kazi hii niliifanya mwezi wa saba, na anayeijua Arusha ya mwezi wa saba anajua baridi yake. Butili ikiwa baridi haishiki vizuri, hivyo nilikuwa naianika juu ya boneti ipate jua, na siku za mawingu nikaazima draya ya nywele ya mama watoto. Kisha kandamiza kwa rola ndogo kwa nguvu zote mpaka zile alama za mchoro zilizo kwenye karatasi ya alumini zilale. Hapo ndipo panapochosha, na ndipo mafundi wa haraka haraka wanaporuka.

Sakafu ya One Ten ina jambo lake. Paneli za mbele na kile kifuniko cha juu ya giaboksi vimefungwa kwa boliti na hutolewa. Kata kila kitu kifuate maungio yao. Rafiki yangu alibandika kipande kimoja kizuri kutoka mlango hadi mlango, mshono hauonekani. Klachi ilipokufa, fundi alichukua kisu akapasua katikati kama anachuna mbuzi. Na chini ya siti ya kushoto kuna betri. Karatasi ya alumini karibu na vichwa vya betri ni moto unaosubiri siku, kwa hiyo pale niliweka mpira mtupu, na kifuniko nikakipachika mpira upande wa ndani. Milangoni, vile vitundu vya chini usivizibe hata kama vinakukera. Ndivyo vinavyotoa maji ya mvua.

Juu ya butili sakafuni niliweka sponji ya milimita 6 isiyonyonya maji, halafu mkeka mzito wa mpira. Sponji inatenganisha, mpira kwa uzito wake unazuia mngurumo usipande. Kabla ya kununua nilichukua vipande viwili vya sponji. Kimoja nikakizamisha kwenye ndoo na jiwe usiku kucha, asubuhi nikakikamua. Kingine nikakishika kwa koleo nje ya nyumba nikakiwasha kiberiti. Sponji ya kwanza niliyoletewa ilishika moto kama nyasi za Agosti, nikairudisha. Sponji ya godoro chini ya miguu sikushauri kabisa, wala kapeti la manyoya. Ukivuka korongo mara moja, litanuka mpaka mvua nyingine. Mkeka wa mpira unautoa, unaumwagia maji, basi.

Dari, baada ya yale ya Dodoma, sikutaka tena kusikia habari ya gundi. Arusha ina karakana nyingi zinazojenga magari ya watalii, na mafundi wake wana utaratibu mzuri: plaiwudi nyembamba ya milimita 3, inavishwa kitambaa, inafungwa kwa skrubu. Nikafanya hivyo, vipande vitatu, sponji nyuma yake. Ikileta shida naifungua kwa bisibisi. Joto la mchana nalo limepungua, jambo ambalo sikulitarajia.

Siti nilizipeleka kwa fundi viti nikataka sponji ya HD na turubai. Reksini inapendeza siku ya kwanza, lakini mchana wa Februari umevaa kaptula utajuta. Turubai linapumua, na ukimwomba fundi aweke zipu utakuwa unalivua kulifua. Kwanza lakini angalia springi za chini, zangu mbili zilikuwa zimekatika na sponji yoyote ingedidimia palepale. Halafu usiwe na tamaa. Nilimwambia aongeze sentimita 5, na matuta ya kwanza tu kichwa kikagonga dari mpya. Tulipunguza zikabaki 3.

Matairi ya matope nilipoyabadilisha kwa yale ya kawaida ya njia zote, mvumo wa lami ulipungua tena. Kipimo cha mwisho kilisoma 79. Haijawa gari ya rais, injini bado unaisikia ikivuta. Ila mwezi uliopita nilimpeleka tena mama mkwe Babati, tukaongea habari ya shamba ileile, na safari hii alinikatalia kwa maneno yaliyo wazi kabisa.

Tulipokuwa tunarudi alikuwa amelala. Kwenye mteremko, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, nikasikia kitu kinalia nyuma, kwa mbali, wiiii, ukikanyaga mafuta kinanyamaza. Ni difu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma. Kwa namna inavyolia, ni ya muda mrefu, nadhani ilikuwa inalia tangu mnadani. Jumatatu naipeleka.