Mlango Niliufunga Kulia

Swali lenu la wiki ni hili: "Kati ya mwenye baiskeli na dereva, nani mkorofi zaidi barabarani?" Nimelisoma nikiwa karakana, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, nikaona nikinyamaza nitalala vibaya. Jibu langu ni madereva. Ila mmeuliza kama watu wasiotoka mjini. Sisi wa kati ya Malindi na Gede hatuulizani nani mkorofi. Tunaulizana nani ateremke.

Anayeijua njia ile ashanielewa. Ukingo wa lami umeliwa na mvua, na kati ya lami na mchanga pana kidato, pengine kina cha kiganja kizima. Honi ikilia nyuma yako, maana yake teremka. Kuteremka si kazi. Kazi ni kupanda tena: gurudumu la mbele linaserereka na ukingo, linakataa kupanda, na mara uko chali gari la pili likija. Dereva wa kwanza yeye yuko Msabaha kitambo, wala hajui.

Halafu si kila mtu huambiwa ateremke. Mtaliano akipita na kofia yake ya plastiki na kaptula ya kubana, magari humzunguka kwa adabu kama yai. Mimi na mbao zangu kwenye karia napigiwa honi toka mbali.

Sasa niwape kisa. Ilikuwa Ramadhani, miaka kadhaa nyuma, saa ile ya jioni ambayo kila dereva wa pwani huendesha kama futari itamkimbia. Nilikuwa na mlango wa kupeleka Gede kwa mteja. Mwarobaini mtupu, mzito, nimeuchonga siku nne. Pikapu ingekula faida yote, basi nikaulaza juu ya karia, nikaukaza kwa kamba za tyubu, nikashika njia. Kilomita 15 hivi, na kiu ya siku nzima. Jua liko usoni, mpaka huioni lami vizuri.

Karibu na Msabaha nikasikia honi. Sikuteremka. Ningeteremka vipi na mwarobaini mgongoni? Matatu ikanipita ubavuni, makanga ananing'inia, na kona ya mlango wangu ikaukwangua mlango wao toka mwanzo hadi mwisho. Mlio wake mpaka leo ninao masikioni. Mimi, baiskeli na mlango tukaingia shimoni pamoja, shimo lenyewe lina maji ya mvua ya juzi.

Matatu ikasimama. Dereva akashuka, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, akautazama mkwaruzo kabla hajanitazama mimi.

"Ami, hii ni baiskeli au ni nyumba?"

"Na wewe mwanangu, ile ni honi au ni baragumu la Israfili?"

Tukaendelea hivyo. Abiria wamefungua madirisha, kila mmoja ni hakimu. Makanga anapima mkwaruzo kwa shubiri kana kwamba anakata kanzu. Mimi natiririka tope, najihesabu mbavu kwa siri. Kulikuwa na mama mmoja wa buibui kiti cha mbele, akatoa kichwa: "Nyinyi mna saumu au mna njaa?" Tukanyamaza kidogo, tukaanza upya.

Adhana ikatukuta pale pale. Makanga akatoa mfuko wa tende chini ya kiti, yule mama akapitisha chupa ya maji, nikala tende tatu mkononi mwa watu niliokuwa nawatukana dakika moja kabla. Kijana akaja kuchutama karibu yangu, akautazama mlango shimoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ami, mbona uliufunga upande wa kulia?"

Nikamwambia uzito. Mzigo lazima uegemee upande mmoja. Akacheka.

"Mimi nilibeba abiria kwa baiskeli pale stendi miaka mitatu, kabla ya hizi pikipiki. Najua mbona watu hufunga mzigo kulia."

Sikuwa na la kujibu. Niliufunga kulia makusudi, ukatokeza kama nusu mita upande wa magari, ili yanikwepe. Wachukuzi wengi wa njia ile hufanya hivyo, wa makuti, wa kuni, wa madumu. Mwili wako dereva hauogopi. Rangi ya gari lake anaiogopa. Ni ujanja mzuri mpaka atokee asiyekwepa.

Na kusema kweli, jua lile lililokuwa machoni pangu lilikuwa machoni pake pia. Sikuwa nimeliwaza hili mpaka nilipoanza kuwaandikia.

Wakanipakia. Baiskeli na mlango juu ya karia ya matatu, mimi nyuma na tope langu, hadi Gede. Nikasema moyoni, watu wema hawa. Kushuka, makanga akanitoza nauli ya watu wawili: mimi na mlango. Nikalipa. Hilo mpaka kesho sijalisamehe.

Pikipiki nazo? Toka 2008, serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT, vijana waliobeba abiria kwa viti vya sponji waliziacha baiskeli mmoja mmoja. Madereva wanaokuja sasa wengi hawakupita mkondo wa yule kijana, na kidato cha lami hawajawahi kukipanda kwa miguu yao. Zaidi ya hapo sisemi, nina wapwa wawili boda.

Basi andikeni madereva. Lakini kwa jioni ile moja, mkinibana, andikeni mimi, sitini kwa arubaini, bila ya kuhesabu nauli. Nikipata mlango mwingine wa Gede na pikapu ikanishinda, nitaufunga kulia vile vile. Yule kijana bado yuko njia ile, akinipita hupiga honi mbili fupi, sijui ni salamu au ananiteremsha. Na mlango bado uko kwa mteja, bawaba ya chini inalia, mwenye nyumba anawaambia watu ni kazi yangu mbaya. Si kazi yangu. Ni shimo la Msabaha.

Msomaji, Malindi