Vuli Ughaibuni na Mtoto Mdogo: Usingoje Kualikwa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji, dada aliyehamia Bremen, Ujerumani, mwaka huu kumfuata mumewe. Ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Ameandika: "Dada, giza linaingia mapema, mume yuko kazini, mtoto analia mlangoni anataka kutoka, na hapa simjui mtu. Wewe unafanyaje? Maana kila picha yako naona nyumba imejaa watu." Nilianza kumjibu palepale. Jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa, kwani najua mko wengi mnaouliza hilohilo hata kama hamuandiki.

Na tusidanganyane, sote huku tunataka kitu kimoja. Tunataka mtoto akue na watu. Amjue shangazi, amjue mjomba, aamkie "shikamoo" bila kusukumwa kisogoni. Mishahara na makaratasi ni njia tu ya kufika hapo.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Kwetu ukitaka kuoga, mtoto unampa aliye karibu, na ukitoka bafuni unaanza kuulizia yuko nyumba gani. Leo naishi Hamburg, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, lakini udada huo hauji kukushikia mtoto ukitaka kuoga.

Kita, yaani chekechea za huku, si tatizo. Sheria ya Ujerumani tangu 2013 inampa mtoto haki ya nafasi akishatimiza mwaka mmoja, na Hamburg saa tano kwa siku pamoja na chakula cha mchana mzazi halipii. Balaa linaanza alasiri, ukishamchukua. Mwishoni mwa Novemba jua linazama hapa saa kumi na dakika chache. Unamtoa mtoto kita, unamfunga kwenye kigari, unafika kwenu ni usiku, na bado mna saa nne hadi tano za kukaa ndani mkitazamana. Mume wangu yuko zamu ya jioni ghalani karibu na bandari, kwa hiyo hao wa kutazamana ni sisi wawili. Mafua ya mwaka jana siyasimulii, kila mwenye mtoto kita anayajua. Niseme tu kwamba mzazi aliye kwenye bima ya afya ya umma ana siku 15 kwa mwaka za kukaa na mtoto mgonjwa huku akilipwa sehemu kubwa ya mshahara, baba naye ana zake 15, na ziombeni wote wawili. Wanaume wengi wetu wanajifanya hawazijui.

Kilichoniuma mwaka jana hakikuwa mafua. Nilikuwa na shosti wangu, tumeshinda pamoja viangazi kadhaa kando ya mto Elbe tukichoma mishikaki, tumeliliana, tumekopeshana. Nilipojifungua alikuja na zawadi, akapiga picha, akaondoka. Oktoba mwaka jana nimeketi chini namvisha mwanangu soksi, nafungua simu, naona status yake: sherehe ya kuzaliwa, meza ndefu, wote ninaowajua wapo. Nilimuuliza kwa upole tu. Akajibu, "Una mtoto shosti, tukajua hutaweza." Tukajua! Waliketi wakakubaliana kwa niaba yangu. Namba yake bado ninayo, na Idi nilimtumia salamu, lakini lile neno limekaa.

Wiki ileile wifi yangu, anayeishi mji mwingine na aliyeahidi tangu nina mimba kwamba atakuja kunisaidia, alipiga simu. Hakuja, alipiga simu. Akaniambia mtoto anachelewa kusema, labda simsemeshi vya kutosha.

Basi nikapata hasira, na hasira ile namshukuru Mungu kwayo. Usiku uleule niliwaandikia wanawake watatu ambao kusema kweli nilikuwa nawajua kwa "habari za asubuhi" tu. Mmoja ni Mkongo wa Bukavu, mwanawe yuko kita moja na wangu. Wa pili ni binti wa Mombasa anayesomea uuguzi, tulikutana kwenye basi akasikia ninavyomkaripia mtoto. Wa tatu ni Mjerumani wa ghorofa ya chini, mtu mzima, aliyewahi kuniachia karatasi mlangoni kuhusu kelele. Sikuwauliza kama wana nafasi. Niliandika: "Jumamosi saa nane mchana nakanda chapati. Wewe njoo na maharage." Mwingine nikamwambia aje na maziwa ya chai. Yule jirani nikamwomba kiti, kwa sababu kweli viti vilikuwa havitoshi.

Wote walikuja. Jirani alifika saa nane kamili na kiti mkononi, wengine saa kumi kasoro, kwa hiyo yeye ndiye aliyejifunza kusukuma chapati, na sasa anazisukuma duara kuliko mimi. Karatasi mlangoni sijaiona tena. Jumamosi iliyofuata tulirudia, na ya kufuata pia, hadi ikawa watu hawaulizi tena kama ipo.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu wote, mdogo wangu wa Bremen. Weka siku. Usiseme "tutatafutana", usiseme "siku moja njooni". Taja siku, taja saa, na kila mtu mpe cha kubeba. Mtu aliyeambiwa alete maharage anakuja, kwa sababu akikosa, watu watakula chapati kavu na atasemwa. Aliyeambiwa "karibu wakati wowote" hana wakati.

Chakula chenyewe kisikusumbue. Vuli hapa ni msimu wa maboga, na kuna yale madogo ya rangi ya chungwa yanayoitwa Hokkaido, hayamenywi, ganda linaiva pamoja na nyama yake. Yakate, mimina tui la kopo, iliki na chumvi kidogo, una futari ya watu kumi kwa bei ya kahawa mbili. Mwanangu anayekataa kila kitu anaila hiyo kwa mikono miwili.

Siku za katikati ya wiki nina sheria moja tu: ukimtoa kita, usipande nyumbani kwanza. Ukishavua viatu umekwisha. Mvishe suti ya mvua na buti za mpira palepale kita, kisha mwende mkatambae kwenye matope hata nusu saa, hata kama ni chini ya taa ya barabarani. Mwanangu huokota zile mbegu za kahawia zinazong'aa zilizoanguka barabarani, haziliwi, lakini mifuko inajaa, na mashine ya kufulia imeshatoa mlio wa ajabu zaidi ya mara moja. Suti mpya msinunue. Vuli makanisa na kita nyingi hufanya soko la mitumba ya watoto, na mtoto wa umri huu akivaa msimu mmoja haimtoshi tena.

Kuna na hili la saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Asiye na mtoto anafurahia kulala zaidi. Mtoto hajui serikali imeamua nini, aliyekuwa akiamka saa kumi na mbili sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri na anataka uji. Na Tanzania, tuliyokuwa tukipishana nayo saa moja, sasa tunapishana nayo saa mbili. Mwaka jana ndipo simu zetu za jioni kwa mama zilipoanza kufa: sisi tumemaliza kula saa moja, kwake ni saa tatu usiku, keshaswali isha na macho mazito, na mtoto anaonyeshwa dari. Nikahamishia simu asubuhi. Mwanangu anakunywa uji saa moja, bibi yake kule ni saa tatu, ametoka sokoni na ana habari mpya. Wanaitana somo, kwa sababu mtoto ana jina lake. Kama wazazi wako wapo, weka saa ya simu kama unavyoweka siku ya chapati. Ni kitu kilekile.

Mwaka huu somo mwenyewe yuko hapa. Viza ya Schengen, ile ya kutembelea Ulaya, inampa mtu siku 90 ndani ya siku 180, ada ni euro 90, na lazima awe na bima ya afya ya safari ya euro 30,000 kwenda juu. Wengi huwaleta wazazi kiangazi, wapate jua. Mimi nasema waleteni vuli, ndipo mnapowahitaji. Mama aliingia mwisho wa Septemba na sanduku lililonuka dagaa mpaka kwenye treni.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Siku ya kwanza alipokwenda kita akakuta watoto wanalala kwenye vigari nje, baridi ile, alinigeukia: "Wewe mtoto, hawa watu wazima akili zao?" Alitaka tumrudishe mjukuu nyumbani siku hiyohiyo. Kila asubuhi namvisha mtoto soksi jozi moja, nikigeuka zimekuwa mbili na buti haziingii. Walimu wanasema atoke kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mama anasema nimonia. Niliacha kuwasuluhisha. Nilimpeleka mama akanunuliwa koti la maana na buti zake mwenyewe, na tangu apate koti hasemi nimonia tena, anasema "twende".

Halafu zikaja taa. Huku vuli watoto hutembea barabarani usiku wamebeba taa za karatasi wakiimba. Sehemu nyingi za Ujerumani ni tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu, lakini Hamburg wanaanza tangu Septemba, mara nyingi kuna bendi ya tarumbeta na zimamoto wa kujitolea wanawasindikiza. Mama aliuliza kama ni ibada ya kanisani. Nikamwambia hii ya kita yetu ni matembezi ya mtaa tu. Akajifunga mtandio, akatoka. Tulikuwa kundi: Bukavu na watoto wake, Mombasa ametoka zamu na sare, jirani wa chini, mimi, mama, na mtoto katikati na taa yake ya kobe. Ngoma zilipoanza mama akasema, "Kumbe na wao wana zefe!" Akapiga kigelegele. Watu waligeuka wote. Mwalimu wa kita kaniomba aje tena mwakani. Na ndiyo, niliweka picha status, na ndiyo, nilitazama nani ameiona.

Kwa hiyo wadada, tuache kulia. Tunakaa ndani tumefunga mapazia, tunasema Wazungu wana roho baridi, Waswahili wana husuda, ndugu wametutupa. Huenda ni kweli. Mimi wamenifanyia, nimewaeleza. Lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kupika chai akaalika majirani, mwenye mikono ni wewe. Nyumba ndogo si sababu, yangu ina vyumba viwili. Mume amechoka si sababu, mpe mtoto amshike, watoto wanashikika hata na waliochoka. Alika. Wakikataa, alika wengine. Weka siku, taja saa, wape cha kubeba. Narudia kwa sababu najua mtasoma, mtasema "dada kasema kweli", kisha Jumamosi mtakaa na simu.

Wewe wa Bremen, treni ya mkoa ni kama saa moja na kidogo, na mtoto huyo halipiwi. Mama anaondoka kabla ya siku zake 90 kwisha, yaani Desemba, kwa hiyo usichelewe. Jumamosi hii, saa nane. Kiti cha mtoto cha kulia kipo. Vitumbua mama ameshasema atapika yeye ila kikaango chake kilibaki Tanga, kwa hiyo kama unacho, kibebe, pamoja na suti ya mvua ya mtoto na soksi za akiba. Usiniulize ulete nini kingine. Wifi yangu naye, kama anasoma, namwachia sukari.