Acha nafasi ya maneno kabla hujachora

Toleo letu la kwanza la katuni nililipeleka kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, hapa Mtwara, nikampa mzee mmoja asome kwa sauti. Fremu ya tatu akasoma jibu kabla ya swali. Fremu ya tano vilevile. Akashusha miwani: "Mjukuu wangu, huyu mpagazi anajibu, kaulizwa na nani?" Benchi zima likacheka. Michoro ilikuwa safi, lakini hakuna aliyeisemea chochote, na aliyeyapanga maneno yale ukurasani ni mimi.

Tuko watatu. Mtunzi wa hadithi yuko Mikindani, mchoraji yuko Lindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na mimi kazi yangu ni viputo, yaani yale maduara yenye mkia ambamo wahusika husema, visanduku vya maelezo na milio. Hadithi ni ya wapagazi waliobeba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, Wajerumani walipokuwa wakiichimba kati ya 1909 na 1913. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake zaidi ya mita 13. Huku Kusini ni nadra kumkuta mtu asiyejua kipande cha habari hiyo, na ndicho kilichotuponza: mtunzi wetu alitaka kusema yote. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na maneno 94. Mchoraji naye alikuwa ameshajaza fremu kwa miti, watu na mawingu. Nikabana herufi mpaka zikafanana na msafara wa siafu.

Tulikuwa tunafanya kazi kwa utaratibu ambao naona vikundi vingi vinaufuata: hadithi, mchoro, wino, halafu mwisho kabisa "utaweka maneno". Siku hizi mchoraji ananitumia kwanza rasimu ya penseli, watu wakiwa vijiti tu. Mimi naweka viputo juu ya rasimu ile, narudisha, ndipo anachora kweli. Msomaji wetu huanza juu kushoto, kwa hiyo anayetangulia kusema kiputo chake kikae hapo, na yeye mwenyewe asimame upande huo. Ukishatia wino huwezi tena kumhamisha mtu. Utaanza kupitisha mikia ya viputo ikikatizana kama nyaya za umeme, na hicho ndicho kilichomkwaza yule mzee.

Halafu punguza. Mpagazi wetu mmoja alikuwa anasema: "Kwa kuwa mizigo hii ni mizito sana, sidhani kama tutaweza kufika Lindi kabla ya jua kuzama." Uzito unaonekana shingoni mwake, jua linaonekana linatua. Tukabakiza: "Mzee, leo hatufiki." Mtunzi alinuna siku mbili. Nilimwelewa, maneno ni yake, ila nilikataa kuyarudisha.

Kiswahili kina tabu yake kwenye kiputo. Neno kama "hawatatufikisha" peke yake linameza mstari, kwa hiyo kiputo chembamba kirefu hakitufai; kifanye kipana. Ukilazimika kukata neno, kata penye silabi, na usiiachie programu ikukatie, kwa kuwa nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza na utakuta silabi imepasuliwa katikati. Binafsi napenda kubadilisha sentensi kuliko kukata neno.

Kuna jambo jingine dogo, na nikifungua kurasa za katuni za vijana wenzangu ndilo ninaloliona kwanza. Fonti nyingi za katuni zimetengenezwa kwa Kiingereza, zina herufi kubwa tupu, lakini "I" ziko mbili: moja ina vijiti juu na chini, nyingine ni mstari mtupu. Yenye vijiti wao huitumia kwa neno lao la "mimi", ambalo ni herufi hiyo moja tu. Sisi neno hilo hatuna. Ukiandika huku umewasha herufi kubwa kwenye kibodi, "MIMI NIKIFIKA" inajaa vijiti kama uzio wa miti. Zima herufi kubwa, andika kwa ndogo, fonti itakupa "I" nyembamba yenyewe. Na kabla hujaipenda fonti yoyote ya bure, andika "NG'AMBO" uone kama ile alama ipo. Nimewahi kukuta kiboksi kitupu mahali pake.

Milio ndiyo raha ya kazi hii, na inanikera kuona watu wanabandika milio ya katuni za Marekani wakati lugha yetu imejaa tanakali. Mtu akianguka majini ni chubwi, kwenye mchanga ni tifu, kwenye matope ni tapwi, sakafuni ni pa. Msomaji akiona TAPWI anajua kaangukia wapi hata mchoraji asipochora tope. Hizi naziandika kwa mkono, kwa maka peni nene, napiga picha, nasafisha kwenye Krita, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure. Fonti haiwezi kukupa tapwi yenye tope.

Kutumiana kazi: ukurasa usiutume WhatsApp kama picha, utabanwa na mistari itafifia. Utume kama dokumenti. Na ndani ya faili maneno yakae kwenye tabaka (leya) lake peke yake, yasichanganyike na mchoro, maana kosa la tahajia utaliona usiku wa kuamkia kuprinti.

Toleo la pili tulilichapisha nakala 200, ukubwa wa A5. Maboksi yakaja kwa basi, tukayafungua palepale stendi, na kila ukurasa wa kulia herufi ya mwisho ya mstari imekatwa. Mashine ilikata pale tulipoiambia ikate. Sisi ndio tuliosogeza viputo hadi ukingoni. Sasa mchoro unazidi ukingo kwa milimita 3 kila upande, na maneno hayasogei karibu ya milimita 10 kutoka ukingoni. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, la sivyo kijitabu cha kupiga pini katikati kitabaki na kurasa tupu. Ukaguzi: printi nakala moja steshenari ya jirani, kunja, soma. Sisi shilingi hizo chache tulizionea uchungu, tukalipia nakala 200 za kujifunzia.

Kuhusu fedha, andikeni kwenye daftari, wote mtie sahihi, kabla ya ukurasa wa kwanza. Kwetu gharama ya uchapaji inatoka kwanza, kinachobaki kinagawanywa mafungu manne yaliyo sawa: matatu yetu, la nne ni la toleo linalofuata. Andikeni pia wahusika ni mali ya nani iwapo mmoja ataondoka. Kuna watakaosema mwandika maneno apewe pungufu ya mchoraji. Waambie wasome toleo letu la kwanza. Tunauza zaidi kuanzia Oktoba, korosho zikianza kulipa. Machi hata rafiki yako atakuomba umwazime.

La tatu nimelirudisha kijiweni kwa mzee yuleyule. Akalisoma lote bila kukwama, akalifunga, akalifungua tena ukurasa wa tisa. "Hawa wapagazi wenu," akasema, "wanabeba mifupa kichwani bila ngata?"

Nimempigia mchoraji. Anachora ngata kumi na saba.